Hita ya gesi kwenye gereji ya nyumbani: ipi inafaa, na inafungwaje?

Karakana_Ndogo

Wakuu, naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii. Gereji ni mita 6 kwa 6, dari iko mita 2.7 kutoka sakafuni, kuta ni za tofali tupu la saruji, mlango mkubwa ni wa bati moja. Ukuta mmoja umeungana na nyumba na una mlango mdogo wa kuingilia ndani. Gari moja linalala humo. Upande wa pili ni meza ya kazi: mbao, vyuma kidogo, na mara mojamoja kupuliza rangi. Majira ya baridi nje hushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, nami nataka ndani nipate 20.

Nimeona aina tatu. Kuna ya kuning'inia darini yenye feni, kuna ya ukutani isiyo na bomba la moshi (maelezo yake yanasema haina haja ya bomba kwa sababu ina sensa ya oksijeni), na kuna ya magurudumu yenye mtungi mgongoni. Kilowati ngapi zinatosha? Hiyo isiyo na bomba ni salama kweli? Na kipi nifanye mwenyewe, kipi nimwachie fundi?

Joto_na_Hewa

Anza na hesabu, hita baadaye. Kila upande wa gereji unavujisha joto kwa kiasi chake: chukua eneo, zidisha kwa wati zinazopita kwenye kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje.

Ukiondoa mlango mkubwa wa mita za mraba kama 10, kuta zako zinabaki 54. Tofali tupu la saruji hupitisha kama wati 2, kwa hiyo kuta ni wati 108. Dari tupu ya mita 36 kwa wati 2.5 ni 90. Mlango wa bati, wati 6 kwa kila mita, ni 60. Sakafu weka 25. Hewa inayopenya kwenye nyufa, ikibadilika mara mbili kwa saa katika mita za ujazo 97, inakula 64. Jumla 347 kwa kila nyuzi moja, na tofauti yako ni nyuzi 25: karibu kilowati 8.7.

Rudia hesabu hiyohiyo ukishaweka insulesheni (vifaa vya kuzuia joto lisipite). Kuta 0.4, dari 0.25, mlango wenye povu ndani 1.5, raba mpya ya chini ya mlango ili hewa ishuke hadi mara moja na nusu kwa saa. Unaangukia kilowati 3. Theluthi moja tu! Huna nguvu ya kufanya yote kwa mkupuo? Fanya dari. Dari peke yake inakuokolea kilowati 2, na ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Halafu ongeza asilimia 30 hadi 50, kwa sababu gereji haipashwi mchana na usiku. Unaingia imepoa na unataka ipate joto ndani ya saa moja. Dari ikishawekwa insulesheni unahitaji kama kilowati 9 au 10 zinazotoka. Angalia sana neno hilo. Kibati cha ubavuni kina namba mbili, ya gesi inayoingia na ya joto linalotoka. Hita ya BTU 45,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) inaingiza kilowati 13.2, na kwa ufanisi wa asilimia 80 inatoa 10.5. Hiyo inakutosha. Usinunue ya 75,000 kwa kudhani kubwa ni bora. Itawaka dakika tatu na kuzima, bomba la moshi halitapata nafasi ya kupata moto vizuri, mvuke utageuka matone ya maji ndani yake, na kutu itaanza kula kwenye viungo.

Sasa aina. Swali la gereji ni hili: moto unavuta hewa kutoka wapi, na moshi unaupeleka wapi?

Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Unatambaa sakafuni kama maji, na unashika moto ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa. Ndiyo maana kanuni ya gesi ya Marekani, NFPA 54, inataka chanzo chochote cha moto ndani ya gereji kiwe angalau sentimita 46 juu ya sakafu. Ile ya magurudumu bana yake (sehemu gesi inapowakia) iko usawa wa goti au chini zaidi, na moto wake uko wazi. Hiyo ondoa kwenye orodha, hata kwa kazi ya nusu saa.

Isiyo na bomba la moshi: kila kilo ya propani ikiungua inatoa kilo 1.6 za maji. Hita ya kilowati 10 inakula karibu kilo 0.77 kwa saa, kwa hiyo kila saa unamwaga zaidi ya lita moja ya maji hewani, ndani ya chumba chenye kuta baridi na zana za chuma. Asubuhi utakuta meza ya msumeno ina madoa ya rangi ya chungwa. Hiyo sensa inayosifiwa inazima hita oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18. Haipimi kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu. Bana ikijaa vumbi la mbao na kuanza kutoa sumu wakati oksijeni iko sawa, sensa itakaa kimya.

Inabaki ya darini yenye feni, lakini nazo ziko mbili. Moja ina bomba la kutolea moshi tu na hewa ya kuunguzia inaivuta humohumo gerejini. Nyingine ina mabomba mawili, moja linavuta hewa ya nje na jingine linatoa moshi, na chumba cha moto kimefungwa kabisa. Kwako wewe mwenye mbao na rangi, chukua ya mabomba mawili. Vumbi haliingii kwenye bana, na mivuke ya viyeyushi vyenye klorini haifiki motoni. Ikifika, inageuka asidi na kutoboa kibadilisha joto. Sehemu hiyo ikitoboka, moshi unachanganyika na hewa inayopulizwa na feni.

Ukilazimika kuchukua ya bomba moja, toboa matundu mawili ya hewa ya kwenda nje, moja ndani ya sentimita 30 za dari na jingine ndani ya sentimita 30 za sakafu. Kila moja liwe na sentimita za mraba 5.5 zilizo wazi kwa kila kilowati ya gesi inayoingia. Kwa 13.2 ni kama 73 kila tundu. Luva za chuma hula robo ya uwazi, kwa hiyo tundu lenye luva lifike karibu 100.

Kuhusu kupuliza rangi: chumba cha moto kufungwa hakumaanishi hita yote imefungwa. Mota ya feni, rilei na swichi ya taa zote zinaweza kutoa cheche. Siku ya rangi, hita inazimwa kwenye umeme na gesi inafungwa kwenye vali, mpaka harufu iishe kabisa.

Mionzi_Miekundu

Naongeza moja ambayo haikutajwa: hita ya bomba refu la mionzi. Haipulizi hewa, kwa hiyo vumbi halirushwi juu ya rangi mbichi, na ukifungua mlango mkubwa joto haliishii nje lote kwa sababu sakafu na meza ndivyo vilivyopashwa. Kwa karakana yenye dari ya mita 4 hiyo ingekuwa chaguo langu la kwanza.

Kwa mita 2.7 siishauri. Zinataka nafasi kubwa chini yake, mara nyingi zaidi ya mita moja hadi kitu chochote kinachoweza kuungua, na paa la gari lenye kimo cha mita 1.5 litakuwa ndani ya eneo hilo au kandoni mwake. Kuna jambo jingine linalosahaulika hata kwenye hita ya feni. Mlango wa kujikunja kuelekea darini ukiwa wazi unalala *chini ya* hita. Kabla hujaweka alama ya boriti, fungua mlango mpaka mwisho, inua boneti na buti ya gari, kisha pima kutoka hapo. Nafasi za usalama zilizoandikwa kwenye kibati zinahesabiwa vitu vikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Kipimo cha gari lililofungwa hakikusaidii kitu.

Spana_17

Habari ya kuchagua imemalizwa, mimi niingie kwenye bomba.

Mpaka wa kazi kwanza. Insulesheni, vyuma vya kuning'inizia, tundu la ukutani, waya wa thamostati: hayo fanya mwenyewe ukitaka. Kuunga gesi, kupima presha na kuwasha mara ya kwanza ni ya fundi gesi aliyesajiliwa. Nchi nyingi sheria ndivyo inavyosema. Ninayoandika hapa ni ili usimame pembeni yake ukijua karuka nini.

Kuning'iniza. Hita ya ukubwa huo ina kilo 25 hadi 40. Tumia fito nne za uzi za milimita 10, zishike kwenye boriti zenyewe (jipsamu haishiki kitu), na kila fito iwe na nati mbili zinazobanana, maana feni inatikisa na nati moja inalegea taratibu. Iweke kwenye kona, ipulize kuelekea katikati ya gereji, na isielekee kwenye thamostati. Thamostati ikae mita 1.5 juu ya sakafu, kwenye ukuta wa upande wa nyumba. Ukiifunga kwenye ukuta wa nje itadanganywa na baridi ya tofali na hita haitazima.

Mpangilio wa gesi, kufuata gesi inavyokuja: vali ya kufungia, yunioni (kiungo kinachofunguliwa bila kuzungusha bomba), kisha tii yenye nipo (kipande kifupi cha bomba) ya sentimita 8 inayoelekea chini na kufungwa kepu, ndipo hita. Vali iwe ndani ya mita 1.8 za hita na mkono uifikie bila ngazi ndefu. Yunioni ikae *baada ya* vali, kwa sababu ukiiweka kabla, siku ya kuteremsha hita hutaweza kuifungua bila kumwaga gesi. Ile nipo ya chini inakusanya uchafu na vumbi la chuma lililobaki wakati wa kukata uzi. Bila hiyo, uchafu huo unaingia kwenye vali ya hita, na vali isiyofunga vizuri hutaijua mpaka siku ya siku.

Dawa ya uzi iwe iliyoandikwa kuwa ni ya gesi. Acha nyuzi mbili za kwanza tupu, ili kipande cha tepu kisisukumwe ndani kikaziba jeti (kitundu kinachotoa gesi kwenye bana). Mpira wa kuunganisha usipite ndani ya ukuta wala ndani ya bodi la hita. Hapo pite bomba gumu.

Kupima uvujaji ndipo wengi wanaharibu. Bomba linajazwa hewa (gesi haitumiki hapa) hadi kilopaskali 20, sawa na bar 0.2, na linaachwa dakika 10 au zaidi bila sindano kushuka. Kabla ya hapo hita itengwe kabisa: fungua yunioni na weka kepu. Vali za ndani za hita nyingi zinastahimili kilopaskali 3.5 tu. Ukizipa 20 kiwambo kinapasuka, na hita mpya inakuwa ya kurudisha. Geji nayo iwe ndogo. Geji ya kupimia upepo wa tairi, ya bar 10, haiwezi kukuonyesha bar 0.2 ikishuka hadi 0.18. Sindano haitacheza, na fundi atasema "safi". Na kama bomba liko juani subiri lipoe, vinginevyo utaona presha ikipanda au kushuka kwa sababu ya joto tu.

Ukirudisha hita, kila kiungo kipakwe povu la sabuni, pamoja na vile vya kiwandani. Kaa nalo dakika nzima. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa. Unaona vijipovu vyeupe vinajaa pole pole kama povu la maziwa.

Bomba la moshi fuata kitabu cha hita yako neno kwa neno, kwa sababu urefu unaoruhusiwa unatofautiana, na kila elbo inahesabiwa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka. La kulala liwe na mwinamo wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Likipita ukutani lipitie kwenye kola ya chuma. Mdomo wa nje uwe juu kuliko theluji inavyoweza kurundikana, mbali na madirisha na matundu ya hewa ya nyumba. Mdomo wa kuvutia hewa na wa kutolea moshi uache nafasi iliyoandikwa, la sivyo hita inavuta moshi wake yenyewe.

Karakana_Ndogo

Nashukuru sana. Nimekubali ya mabomba mawili, na dari naanza nayo. Mawili yamebaki: gesi asilia huku hakuna, nitatumia mitungi. Je, mtungi nauweka kona ya gereji? Na king'ora cha kuonya gesi kikae wapi?

Joto_na_Hewa

Mtungi nje, umesimama wima na umefungwa mnyororo, mbali na mlango, dirisha na shimo lolote la maji machafu. Weka angalau mita moja na nusu, na kama kanuni ya unapoishi inataka zaidi, hiyo ndiyo inayotawala. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani mara mbili. Ikivuja inatafuta chini, kama ule mvuke wa petroli, na shimo la ukaguzi wa gari ni bakuli la kuikusanyia. Kama una shimo hilo gerejini, lijaze au lifunike kabisa kabla ya kitu chochote.

Kwa baridi yako uulizie propani. Butani inaacha kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri, wakati propani inaendelea hadi 42 chini ya sifuri. Hata hivyo mtungi mmoja mdogo hautaweza kulisha kilowati 13 kwa saa nyingi. Utaona jalidi nje yake kwa chini, presha inashuka, moto unazimika wakati gesi bado imo. Mitungi miwili ikitoa kwa pamoja inagawana kazi.

La muhimu zaidi: hita iwe ya LPG (gesi ya mtungi), au ibadilishwe kwa vifaa vya mtengenezaji huyohuyo. Meta moja ya ujazo ya propani ina nguvu mara mbili na nusu ya gesi asilia. Ukiilisha propani hita yenye jeti za gesi asilia, moto unakuwa mrefu na wa manjano, masizi yanajaa ndani ya siku chache, na kaboni monoksidi inapanda. Kubadilisha ni jeti *na* springi ya vali, vyote viwili, na kibandiko kipya ubavuni ili fundi anayekuja kesho ajue.

Ving'ora ni viwili tofauti, usivichanganye. Cha gesi ya mtungi kikae chini, ndani ya sentimita 30 za sakafu. Cha kaboni monoksidi: sumu hiyo ina uzito karibu sawa na hewa, kwa hiyo haijali sana juu au chini. Muhimu kiwe mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, na kisiwe kwenye upepo wake. Kingine kiweke ndani ya nyumba, karibu na mlango mdogo, kwa sababu walio hatarini zaidi ni waliolala huko. Kununua, tafuta kilichothibitishwa kwa EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora hivyo. Hicho kinalia ndani ya dakika 3 kwa ppm 300 (sehemu 300 kwa kila milioni ya hewa), na ndani ya saa moja hadi moja na nusu kwa ppm 50. Angalia na kiwango cha joto kinachoruhusiwa. Vingi havijatengenezwa kwa chumba kinachoshuka chini ya sifuri usiku. Na sensa inachakaa: tarehe ya mwisho imeandikwa nyuma yake.

Spana_17

Nimalizie na siku ya kuwasha. Mwambie fundi apime presha mahali pawili, kabla ya vali ya hita na baada yake, na vifaa vingine vyote vinavyotumia bomba hilo (jiko, hita ya maji) vikiwa vinawaka. Ikipimwa hita peke yake kila kitu kinaonekana kizuri. Kwa LPG, hita nyingi zinataka karibu milibari 25 baada ya vali, lakini kibati ndicho kinachosema. Asiye na manomita (kipima presha) anaweza kutumia mpira mwembamba unaoona ndani, uliokunjwa kama U na kutiwa maji: tofauti ya sentimita 25 kati ya pande mbili ni kama milibari 25.

Kosa utakalokutana nalo zaidi: inawaka, sekunde chache inazima, inajaribu tena, mara ya tatu inajifunga. Gesi ipo na cheche ipo. Tatizo ni kwamba bodi ya umeme inayoongoza hita haioni moto. Kijiti cha kuhisi moto kinapitisha mkondo mdogo sana, maikroampia chache, kupitia kwenye moto wenyewe hadi kwenye bana na kurudi kwa waya wa ethi. Kwa hiyo kagua mambo matatu kwa mpangilio huu. Ethi imefungwa kwenye chuma tupu au juu ya rangi? Laini na nyutro zimegeuzwa kwenye plagi? Kijiti kina utando mweupe kama kioo? Utando huo gerejini hutokana mara nyingi na dawa za kupuliza zenye silikoni, za raba na dashibodi. Hita imezimwa umeme, kisugue kwa pamba laini ya chuma (msasa unakichimba), na usishike ncha yake kwa vidole. Ikianza kufanya hivyo siku unayotumia jenereta ndogo tu, kijiti hakina kosa: nyutro ya jenereta haijaunganishwa na ethi, na mkondo hauna njia ya kurudi.

Ikiwa feni ndogo ya moshi inazunguka lakini hata cheche haiji, swichi ya presha, inayohakikisha moshi unatolewa nje, haijafunga. Toka nje kwanza uangalie mdomo wa bomba, kuna kiota au barafu? Kisha kagua kimpira chake chembamba, kama kimepasuka au kina tone la maji. Usiiruke swichi hiyo kwa waya "kwa muda". Hita itawaka vizuri kabisa, na moshi wote utabaki ndani.